Mzee Aliyesifu Kila Kulungu

Wewe ushawahi kuona mtu mzima akivaa koti la kanisani na tai kwa sababu ya mnyama aliyekufa? Hujaona. Basi kaa vizuri nikuambie, maana mimi nimeona, tena si mara moja, hapa hapa Brooklyn Park, huku Marekani, nyumba ya pili kutoka kwa msichana wangu Mueni, ndani ya gereji ya yule tuliyekuwa tunamwita Mzee wa Mishale.

Jina lake sitaji. Yuko hai, ana watoto wake, na mimi bado nina uchungu naye. Kwao ni wapi hasa, hiyo pia usiniulize, kwa sababu leo alikuwa anajibu hivi na kesho vile. Mimi nilimkuta tu, kama vile unafika mahali unakuta mti. Alikuwa fundi wa mabasi ya shule, mke wake alishatangulia mbele ya haki, na alikuwa ameishi Minnesota tangu zamani, wakati Wakenya wote wa hapa walikuwa wanaweza kula kwa meza moja na viti vikabaki.

Kazi yake ya moyo ilikuwa kuwinda kulungu kwa upinde. Wazungu wana jina lao la huyo mnyama, lakini mimi kwangu ni kulungu na nimemaliza. Ana mkia mweupe kwa chini, akikimbia unaona ni kama mtu anakupungia leso. Wako wengi ajabu. Hata kule Maple Grove kwenye maduka makubwa utawaona wakivuka barabara taratibu kama watu wenye appointimenti.

Sasa huo upinde wake. Mimi ni mtoto wa Mkamba, baba yangu alikuwa na upinde, najua upinde ni nini. Siku ya kwanza Mzee aliponionyesha wake nilicheka mpaka nikashika ukuta. Una magurudumu. Una nyaya zimepishana huku na huku, unafikiri ni baiskeli iliyogongwa na lori. Akaniambia, haya Mama Mueni, wewe binti wa wawindaji, vuta. Nikavuta. Haukusogea hata kidogo. Nikavuta tena mpaka leso ikafunguka, naye akageuka akaangalia ukuta kwa heshima huku mabega yanamtingishika kwa kicheko. Tukawa marafiki hapo.

Siku akipata mnyama ungejua kwa simu. Alikuwa na kale kasimu ka kukunja, anapiga anasema maneno mawili tu, "Kuna mgeni," halafu anakata. Hapo unajua. Unaacha unga kwenye beseni, unavaa makoti yako mawili, unaenda. Unakuta mlango wa gereji umefunguliwa wote, kulungu amening'inizwa kwa miguu ya nyuma kwenye boriti, sakafu imeoshwa, na Mzee amesimama kando amevaa koti na tai, amenawa mikono mpaka kwenye viwiko. Amenyooka kama bwana harusi.

Na alikuwa na sheria yake. Kila anayeingia lazima amsifu mnyama kwa neno moja la kweli. Si kumsifu Mzee, hapana, mnyama. Unamwangalia kwanza, unatafuta. Mimi nilikuwa nasema ana kifua kizuri, au ana masikio ya kusikiliza. Kuna nesi mmoja alikuja moja kwa moja kutoka shifti ya usiku, bado na nguo za kazi, macho mekundu, akamtazama yule kulungu akasema, huyu amelala kunishinda. Mzee akatingisha kichwa akasema hiyo ni sifa ya kweli, akamkatia paja.

Kitu nilichompendea ni hiki. Hakubagua. Akileta dume lenye pembe kama matawi, ni koti na tai. Akileta kijike kidogo chembamba, ni koti na tai ile ile, na simu ni ile ile. Watu wengine wa upinde hapa wakipata mdogo wanamleta wamemfunika, wanaanza kujitetea kabla hujauliza. Yeye alikuwa anasema, "Mimi sipimi pembe. Napima kama nilitulia." Kwa sababu upinde si bunduki, mwanangu. Lazima mnyama aje karibu kabisa, akusikie hata ukimeza mate. Mzee alikuwa anasema mnyama akikaribia hivyo amekuja kwako, na mtu akija kwako humuulizi kwa nini hukuja mkubwa zaidi.

Siku moja kijana mmoja wa malori aliingia, akaona kijike kimening'inia, akacheka akauliza huyu si ni mbwa. Mzee hakumgombeza. Akamkalisha, akampa chai na mkate. Wengine tukakatiwa nyama, kila mtu na mfuko wake. Kijana akangoja wee, mwisho akauliza, na yangu, Mzee? Mzee akamwambia, "Wewe hukuona kulungu, uliona mbwa. Hapa hatuli mbwa." Huyo kijana mpaka leo akisikia mtu akibweka kwa mzaha anaondoka.

Lakini usifikiri alikuwa malaika. Mtu huyu alikuwa anaweza kukaa juu ya mti tangu alfajiri, kwenye baridi ya kukata masikio, bila kukuna pua. Kanisani hakuweza kumaliza mahubiri. Atatoka kwenda kuangalia gari, atarudi, atatoka kunywa maji. Na mbwa aliwaogopa. Si mbwa wakubwa, hapana, wale wadogo wa kubebwa kwa mkono. Kuna bibi mmoja Mzungu hapo mtaani alikuwa na kimoja kama soksi, na Mzee akikiona anavuka barabara.

Kupika hakujua kabisa. Alikuwa anachukua nyama nzuri anaichoma mpaka inakuwa kama kisigino cha kiatu. Mimi ndiye nikamwambia, Mzee, lete hapa. Nikawa naichemsha kwanza na kitunguu na tangawizi, naikausha, naikaanga na pilipili na dania, tunakula na ugali. Alikuwa anakula ameinamisha kichwa, akimaliza anasema, Mama Mueni, leo huyu kulungu amefika nyumbani.

Na ndevu alikuwa anapaka rangi nyeusi. Anakataa, lakini kola ya shati inamsema. Gari lake la zamani, wageni wa kanisa wakija, analipeleka nyuma ya nyumba na kuacha lile zuri mbele. Mimi niliona haya yote nikacheka tu. Ningekuwa na akili ningejiuliza, mtu anayeogopa macho ya watu hivyo, siku macho ya watu yakimgeukia yeye atafanya nini?

Sasa nikufikishe kwa mjukuu wangu Kavata, binti ya Mueni. Alikuwa na miaka kumi na sita. Mtoto mzuri lakini ndani ya nyumba alikuwa kama mpangaji. Ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kizungu, ukimsemesha tena anajibu kwa mabega. Basi jioni moja alinibebea sufuria kwenda kwa Mzee, akamkuta anarusha mishale kwenye gunia alilojaza matambara, hapo hapo kwenye gereji. Akaomba kujaribu. Yule mtoto alipovuta ule upinde, mgongo ukanyooka na uso ukatulia, nikaona uso wa baba yangu. Haki ya Mungu, nikakaa chini.

Nikuambie kitu. Baba yangu hakuniruhusu kugusa upinde wake hata kuupangusa vumbi. Upinde ni wa vijana wa kiume, wewe binti nenda ukachote maji. Nimebeba hiyo tangu utotoni. Kwa hiyo Mueni aliposema hapana, mtoto ataumia, mimi nikamwambia, wewe nenda kazini, hii niachie mimi. Na Mzee akakubali kumfundisha. Baridi yote, na masika yake, na kiangazi, kila Jumamosi Kavata yuko kwenye gereji. Akapita mtihani wao, akapata laiseni yake mwenyewe.

Kwa baba yangu kulikuwa na desturi. Mnyama wa kwanza wa mtoto, wa kwanza kumwonja ni nyanya yake. Mtoto mwenyewe haonji kabla ya nyanya. Nyanya akishakula, basi, mtoto amekuwa mtu wa kuhesabika. Ndugu zangu wa kiume wote walifanyiwa hivyo. Nikamwambia Kavata, naye akaniuliza kwa Kizungu, hata msichana? Nikamwambia, hapa Minnesota, hata msichana. Nikamwambia na Mzee pia, naye akashika mkono wangu kwa mikono yote miwili. "Mama Mueni, siku hiyo utakaa kiti cha mbele. Hata akileta mdogo kama mbuzi, mimi mwenyewe ndiye nitakayepiga simu."

Hayo ndiyo maneno yake. Nayashika mpaka leo.

Shida ilianza kanisani, kwenye chai ya baada ya ibada. Wanaume wakamchokoza. Mzee, siku hizi unawinda na wasichana, kwani vijana wameisha? Mwingine akasema huyo msichana atakuja na kulungu aliyesukwa nywele. Wakacheka. Mimi nilikuwa hapo na kikombe changu. Mzee akaweka chini kikombe chake akasema huyo mtoto atawaletea dume lenye pembe za kujaza mlango, na wote wataalikwa kuja kuliona. Nilifurahi, mwanangu. Nilipiga hata makofi. Sikusikia kwamba mtu asiyepima pembe amezipima.

Ikafika Jumamosi yao, mwezi wa kumi, majani yote mekundu. Wakaondoka bado giza kwenda shamba la Mzungu mmoja rafiki yake Mzee, huko kaskazini. Mimi nikatoa sufuria kubwa, nikamenya vitunguu, nikapiga pasi leso yangu mpya. Nikaalika akina mama wenzangu wawili. Tukakaa dirishani kama watoto.

Gari likarudi mchana umeenda. Nyuma halina kitu. Kavata akashuka, akapita katikati yetu bila kusalimia, akapanda juu. Mzee akasimama mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Alikosa. Mshale ulipita juu." Halafu akasema ni kawaida, hata yeye alikosa sana mwanzoni. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya kufariji. Nikamshukuru. Nilimshukuru, unasikia? Nikampa na chapati za kubeba.

Nikapanda kwa mtoto nikakaa kitandani kwake. Nikamwambia baba yangu pia alikuwa anakosa. Nikamwambia utapata mwingine. Akageukia ukutani. Nikafikiri ni aibu ya kukosa.

Baada ya hapo hakushika upinde tena. Na nyama ya kulungu akaacha kula. Mzee akileta, nikipika, mtoto anakula ugali na mboga. Nikamgombeza sana. Nikamwambia umekuwa Mzungu, sasa nyama ya porini inakunukia. Akamaliza shule, akaenda chuo. Na mimi miaka yote hiyo naenda gereji, nasimama mbele ya wanyama wa Mzee, nasema ana shingo nzuri, ana miguu ya kukimbia. Nasema kwa moyo wangu wote.

Mpaka Mzee alipostaafu ile kazi ya mabasi. Akafanya karamu hapo hapo kwenye gereji, watu wakajaa, na yule Mzungu wa shamba akaja, mtu mrefu mwenye mikono kama koleo. Kavata alikuwa amerudi likizo, akanisindikiza. Mzungu akamwona, uso ukafunguka, akamshika mkono akautingisha, akawa anaongea na kuongea. Mzee alikuwa upande wa pili, nikaona ameacha kumimina soda na chupa bado ameiinamisha hewani. Nikamvuta Kavata nguo nikamuuliza, anasema nini huyu?

Akanijibu kwa Kiswahili. Polepole, kama mtu anashuka ngazi gizani.

"Anasema nyama yangu ilikuwa laini sana, Susu. Walikula mpaka Krismasi."

Susu ndiyo nyanya kwetu. Nikamuuliza, nyama yako gani? Akanishika mkono akanitoa nje. Tulikaa kwenye gari la mama yake, na hapo akanieleza yote.

Hakukosa. Alipata kijike, kidogo, cha mwaka ule ule. Mshale ulienda pale pale alipofundishwa. Kilitembea hatua chache kikalala. Mzee akashuka kwenye mti wake, akamkumbatia, akamsimamisha mbele ya mnyama akamwambia haya, msifu. Naye akasema, alikuja kimya. Walilia wote wawili. Wakakipeleka kwenye duka la barabarani ambako ni lazima kila kulungu aandikishwe, na mwenye duka akampa mtoto mkono. Mpaka hapo Mzee alikuwa Mzee.

Lakini kadiri walivyokaribia nyumbani akawa anaangalia kwenye kioo, anaangalia nyuma ya gari. Mwisho akasimamisha kando ya barabara. Akasema ni mdogo sana, Kavata, watu wa kanisa wataniuliza pembe ziko wapi. Akageuza gari wakarudi shambani, akampa Mzungu mnyama mzima. Akamwambia mtoto, tuseme ulikosa, mwaka ujao tutaleta mkubwa na tutaimba.

Mtoto akamwambia, lakini Susu ananingoja.

Na Mzee akamjibu, "Susu wako amealika watu. Ukimletea hiki utamwaibisha."

Mimi. Aliniweka mimi hapo. Aibu ilikuwa yake, akaivua akanivisha mimi, na mtoto wangu akatembea miaka minne akijua kwamba nyanya yake angeona haya kwa sababu ya mnyama wake. Nikamuuliza, ndiyo sababu huli? Akasema, ulisema nisionje kabla yako, Susu. Wewe hukuonja.

Sikurudi ndani ya karamu. Sikufanya fujo. Nilimtuma Kavata akachukue sufuria yangu, ikiwa na chakula ndani au haina, tukaenda nyumbani.

Simu ya "kuna mgeni" ilipigwa tena, sikwenda. Ikapigwa tena, sikwenda. Nyama ikaletwa mlangoni, nikamwambia Mueni airudishe. Watu wakauliza kuna nini, nikasema miguu inauma. Nilishindwa kusema. Mtu uliyemsifu kwa kila mtu utaanzia wapi kumsema vibaya? Ni wewe unaonekana mjinga.

Tulikutana baadaye kabisa, Roseville, ndani ya yale maduka makubwa. Wakati wa theluji wazee wa hapa huenda kutembea humo kwa sababu kuna joto, wanazunguka na kuzunguka bila kununua kitu. Mueni alikuwa anaangalia viatu, mimi nikazunguka. Nikamkuta kwenye benchi amenyoosha mguu mmoja, mguu umeanza kumsumbua. Ndevu zilikuwa nyeupe, ameacha rangi. Akanisogezea nafasi.

Akasema, "Mama Mueni, umenihama."

Nikakaa, lakini kwenye ukingo. Nikamwambia nimejua. Hakujifanya kuuliza umejua nini. Akasema alijua kwamba nimejua, aliona tangu ile siku ya chupa ya soda.

Nikamwambia, "Mzee, ulitufundisha kusimama wima mbele ya kila mnyama. Wangu mmoja tu ndiye uliyemficha."

Akawatazama mama mmoja na mtoto kwenye kigari mpaka wakapita wakaenda. Halafu akasema wanyama wake wadogo hawakuwa kitu kigumu kwake, kwa sababu hakuna aliyetegemea chochote kwake, ni mjane tu na upinde wake. Lakini yule wa Kavata alikuwa amemtangaza. Alijiona amesimama na tai mbele ya wanaume wale na kijike kile, na akashindwa. Akasema, walikuwa wamenicheka, Mama Mueni.

Nikamuuliza mbona basi aliniweka mimi mdomoni mwake. Akasema alitafuta neno ambalo mtoto hangebishana nalo.

Unaona? Alijua mtoto ananipenda, akatumia hiyo.

Nikamwambia aende kanisani, asimame kwenye chai, aseme binti wa Mueni hakukosa. Akasema watu walishasahau hayo mambo. Nikamwambia mimi sijasahau, na mtoto hajasahau, na sisi ni watu. Akaangalia mguu wake. Akasema labda wakati mwingine, mguu ukipona. Nikangoja kidogo, maana moyo wangu ulitaka aseme lingine. Nilimpenda huyu mtu, nisikudanganye. Nikamkumbuka anakula ameinamisha kichwa. Lakini hakusema lingine, na Mueni akaniita, nikainuka. Nikamwambia apone haraka. Hilo nilisema kweli.

Jioni ile nikampigia Kavata simu huko chuoni, nikamsimulia yote, hata ile ya mguu. Nilidhani atakasirika. Badala yake akaanza kuuliza mambo ya ajabu, kama nina buti za theluji, kama naweza kukaa kimya muda mrefu, mimi ninavyopenda kuongea. Nikamuuliza kwa nini, akaniambia kwa Kiswahili chake kile cha kuchechemea, bila neno moja la Kizungu:

"Susu, msimu ukifunguliwa nakuja kukuchukua. Hatuendi na mtu mwingine. Utakaa chini ya mti wangu, na nikipata, hata awe mdogo namna gani, wewe ndiye utamgusa kwanza. Na nikikosa, nitakosa ukiniona."